Rugezi Yataka Daraja, Ukara Yataka Kivuko

Mtu akisimama gatini Rugezi wakati wa jioni, akaelekeza uso wake mashariki, huiona Kisorya. Macho yake yamekwisha kuvuka. Ni mwili tu uliobaki ukingoja pantoni. Na kama pantoni imekwisha funga kazi ya siku, mwili huo hauna budi kungoja hadi asubuhi. Haidhuru ni wa mchuuzi mwenye matenga yake ya samaki, au ni wa mwalimu aliyeitwa mafunzoni Musoma, au ni wa mama mjamzito ambaye mganga ameandika kwamba apelekwe hospitali kubwa bila kukawia. Maji hayasomi barua ya mganga.

Kisiwa cha Ukerewe ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Wilaya nzima, ambayo makao yake makuu ni mji wa Nansio, ina visiwa 38, na sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu humo watu zaidi ya 345,000. Kutoka Nansio kwenda nchi kavu kuna njia mbili zinazojulikana na wote. Ya kwanza ni meli inayokata Ghuba ya Speke hadi Mwanza. Ya pili ni barabara inayokwenda Rugezi, ikakatwa na maji, ikaanza tena Kisorya na kuendelea hadi Bunda, ambako msafiri hushika njia ya Mwanza au ya Musoma. Njia ya kwanza ni ndefu majini, ya pili ni ndefu ardhini, lakini zote mbili ni watumwa wa kitu kimoja: chombo kielee, na kielee kwa wakati.

Ombi la daraja la Rugezi si jipya. Lakini tangu tarehe 19 Juni, 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, ombi hilo limepata sauti mpya. Daraja lile lina urefu wa kilomita tatu, nalo limesimama juu ya nguzo katika ghuba ambayo wasafiri wake walizoea kungoja pantoni, siku nyingine kwa saa mbili na zaidi. Leo gari huvuka kwa dakika zisizozidi tano. Ni jambo la haki basi kwa mwananchi wa Nansio kuuliza: kama imewezekana Busisi, mbona isiwezekane Rugezi?

Swali ni halali. Walakini swali halali laweza kupewa jibu la haraka, na jibu la haraka katika mambo ya ujenzi hulipiwa na wajukuu. Kwa hiyo yafaa tulipime jambo hili polepole, tena pande zote mbili: upande wa wale watakaopita juu ya daraja, na upande wa wale ambao daraja hilo halitawafikia kamwe.

NJIA YA JUU NA NJIA YA CHINI

Kila watu walio na haja ya kupitisha njia mahali pagumu hukutana na swali lile lile: je, tupite juu, tupite chini, au tubaki pale pale usoni? Wakazi wa London walipoona barabara zao zimejaa magari ya farasi pomoni, waliamua kuipeleka reli chini ya ardhi, na treni yao ya kwanza ya namna hiyo ikaanza kazi mwaka 1863. Miji mingine iliinua reli juu ya nguzo kwa sababu ardhi yake haikuruhusu kuchimbwa, au kwa sababu hazina zao hazikuruhusu. Kwa kawaida kuchimba huigharimu hazina zaidi kuliko kuinua; kuinua nako kuna gharama yake ambayo haiandikwi katika hesabu za mhandisi: kivuli juu ya maduka, kelele madirishani, na mtaa uliogawanywa na safu ya nguzo.

Sisi wenyewe tumekwisha kulijibu swali hilo, na tumelijibu kwa namna mbili. Reli ya kisasa inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, huondoka mjini ikipita juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita mbili. Huko chini magari na waenda kwa miguu wanaendelea na safari zao, wala hapana lango la kufungwa kila treni inapopita. Reli hiyo hiyo inapofika katika milima ya Kilosa haipandi juu ya nguzo, bali huingia katika mahandaki. Hakuna aliyesema kwamba Kilosa wamepewa njia ya kisasa na Dar es Salaam wamepewa ya kizamani, au kinyume chake. Mjini pana watu, maduka na barabara nyingi za kukatiza. Milimani pana mwamba. Kila mahali pamechagua njia yake.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Njia haichaguliwi kwa kuangalia ni ipi inayopendeza katika picha, bali kwa kuangalia inapita wapi na inampitisha nani.

Funzo la pili latoka kwa jirani zetu wa Ethiopia. Mwaka 2015 mji wa Addis Ababa ulianza kutumia reli ya abiria ya mjini, yenye sehemu zilizoinuliwa juu na sehemu inayopita chini ya ardhi. Ilikuwa fahari ya Afrika, na ilistahili kuwa fahari. Lakini haikupita miaka kumi kabla ya zaidi ya nusu ya treni zile kulala kwa kukosa vipuri na matengenezo. Nguzo zilibaki zimesimama, na abiria wakabaki wamesimama chini yake. Uchaguzi wa njia ni kazi ya siku moja. Utunzaji wa kilichochaguliwa ni kazi ya kila siku. Atakayesoma makala haya hadi mwisho ataona kwamba funzo hili la pili ndilo zito zaidi kwa Ukerewe.

TUTA, HANDAKI AU NGUZO

Sasa tuirudie Rugezi. Pale pana njia nne za kuwaziwa: kubaki na pantoni, kuchimba handaki chini ya maji, kujaza tuta la mawe na kifusi, au kusimamisha daraja juu ya nguzo.

Handaki tuliweke kando mapema. Waingereza na Wafaransa wamepita chini ya bahari tangu mwaka 1994, lakini handaki la chini ya maji linataka mitambo ya kuvuta maji, ya kupitisha hewa na ya kuwasha taa, usiku na mchana, bila kukoma. Daraja likikosa umeme kwa usiku mmoja hubaki kuwa daraja. Handaki likikosa umeme kwa usiku mmoja ni hatari. Tena hakuna jambo pale Rugezi linalotulazimisha kujificha chini ya ziwa: hapana mji juu yake wala hapana meli kubwa za kupishwa kwa gharama kubwa namna hiyo.

Tuta ndilo linaloshawishi. Mlango wa maji wa Rugezi si mpana, na wasafiri walioandika habari za ziwa hili katika karne ya 19 walishangaa kuona jinsi kisiwa kilivyokaribia kushikana na bara. Mtu mwenye kufikiri kwa pupa aweza kusema: mawe tunayo, malori tunayo, mikono tunayo, tujaze, tupite. Kazi ya namna hiyo hata ina harufu nzuri ya kujitegemea.

Walakini ziwa hili limekwisha tufundisha juu ya matuta. Katika pwani ya Kenya ya ziwa hili hili kipo kisiwa cha Rusinga, kilichotengwa na mji wa Mbita kwa mlango mwembamba wa maji. Katika miaka ya 1980 mlango ule ulijazwa tuta, na watu wakapita kwa miguu mikavu. Lakini maji yaliyokuwa yakipita baina ya ghuba ya Kisumu na ziwa kubwa yalizibiwa njia. Maji yasiyotembea huoza, magugu maji hujikusanya mahali pasipo mkondo, na samaki hupoteza njia yake ya zamani. Mwishowe, katika muongo uliopita, ilibidi daraja lijengwe na tuta lifunguliwe ili maji yapite tena. Wenzetu wakalipa mara mbili: kwanza kwa kuziba, na kisha kwa kuzibua.

Rugezi ni mlango wa namna hiyo hiyo. Kusini yake ni Ghuba ya Speke, kaskazini yake ni maji ya ziwa kubwa. Wavuvi wa pande zote mbili wanaishi kwa maji yanayotembea, na mitumbwi yao hupita pale pale ambapo mwenye malori angetaka kumwaga mawe. Wilaya ambayo chakula chake, biashara yake na sehemu kubwa ya mapato yake vyatoka ziwani haiwezi kulifunga koo ziwa lake kwa ajili ya kurahisisha safari.

Zaidi ya hayo, ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililiinua kwa zaidi ya mita mbili hadi kufikia mwaka 1964, na wazee wa pwani bado wanayataja mashamba yaliyomezwa wakati ule. Mwezi Mei, 2020, maji yalirudi kwenye alama zile zile za 1964. Magati yakazama, nyumba zilizojengwa karibu mno na ufuko zikaingiliwa na maji. Tuta lililojengwa kwa kupima maji ya mwaka wa ukame litakuwa chini ya maji katika mwaka wa mvua. Basi kama Rugezi patavukwa bila chombo, pavukwe kwa nguzo: nguzo ndefu, zenye nafasi baina yake ya kupisha maji, samaki na mitumbwi, na zilizopimwa kwa kiwango cha juu kabisa ambacho ziwa limekwisha kukifikia, pamoja na ziada.

GHARAMA HULIPWA NA NANI

Hapo ndipo ndugu zetu wenye kushika kalamu za bajeti watakapouliza swali lao, nalo ni swali la haki kama lile la kwanza. Daraja la Kigongo na Busisi limegharimu shilingi zaidi ya bilioni 700. Lile lipo katika njia kuu inayokwenda Geita, Bukoba na nchi jirani. Malori ya mizigo ya mataifa hupita pale. Rugezi haiko katika njia ya taifa lingine lolote. Njia yake inaishia Nansio na vijiji vya kisiwani. Je, ni halali fedha nyingi zitumike kwa watu wachache, na hali shule hazina madawati na zahanati hazina dawa?

Mwalimu Nyerere alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969 alitukumbusha kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo hupenda kutajwa na mtu anayetaka kukataa jambo. Lakini kuchagua hakuna maana ya kuchagua kilicho rahisi. Maana yake ni kuziweka gharama zote mezani, hata zile ambazo hazina mlango wa kuingilia katika kitabu cha hesabu.

Gharama ya kungoja ni mojawapo ya hizo. Samaki aliyeoza katika foleni haandikwi na mhasibu yeyote wa serikali. Anaandikwa na mvuvi, tena moyoni. Bei ya mfuko wa saruji inayopanda kwa sababu umeshushwa, ukavushwa na kupakiwa tena, hulipwa na mzazi anayejenga na na mwalimu mkuu anayesimamia ujenzi wa darasa. Mtumishi mpya anayepangiwa Ukerewe na kuomba uhamisho kabla hajafungua sanduku lake, naye ni gharama. Hesabu yake imo katika darasa lisilo na mwalimu wa hisabati. Na mgonjwa aliyekawia gatini ni gharama ambayo haifai hata kuiandika kwa tarakimu.

Tena pantoni yenyewe si bure. Yataka mafuta kila siku, yataka vipuri, yataka kupandishwa chelezoni kwa matengenezo, yataka mabaharia, mafundi na walinzi. Pantoni ikizeeka hununuliwa nyingine. Daraja hugharimu sana siku ya kwanza na kidogo siku zinazofuata. Kivuko hugharimu kidogo siku ya kwanza na hakiachi kugharimu maisha yake yote. Mwenye kulinganisha bei ya siku ya kwanza peke yake amelinganisha nusu ya jambo.

Hata hivyo hatuna budi kuwa wa kweli. Daraja la Rugezi haliwezi wala halipaswi kuwa nakala ya lile la Busisi. Kwa magari yaliyopo, njia mbili zenye upana wa kutosha, pamoja na kando salama kwa waenda kwa miguu na wenye baiskeli, zatosha. Kisiwani baiskeli ni lori la mkulima. Daraja lililojengwa kwa ajili ya magari peke yake litakuwa limewasahau wengi wa wenyewe. Na jambo la tozo liamuliwe mapema na kutangazwa mapema. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 watu walishangilia, kisha wakanung'unika kwa miaka juu ya tozo zake, hata zikapunguzwa mwaka 2022. Ni vema kunung'unika kukamalizwa kabla ya zege kumwagwa.

MAHALI AMBAPO DARAJA HALIFIKI

Baada ya kusema yote hayo, mwandishi wa makala haya ana hofu moja, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya ashike kalamu.

Alhamisi tarehe 20 Septemba, 2018, ilikuwa siku ya gulio huko Bugolora, Ukerewe. Mchana ule kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kikielekea Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kimebeba watu waliotoka gulioni na mizigo yao. Kivuko kile kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini, ndugu na jamaa wakiona kwa macho yao. Walionusurika walikuwa 41. Waliokufa walizidi 220. Bendera zilipepea nusu mlingoti kwa siku nne.

Katika saa zile za kwanza hakuna aliyeweza kutaja kwa hakika watu wangapi walikuwa wamepanda. Taifa zima lilijua idadi ya abiria kwa kuhesabu maiti. Na haikuwa mara ya kwanza kwa ziwa hili kutuuliza swali lile lile. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakapotea. Wengi wetu tulio na umri wa miaka thelathini na kitu tulilisikia jina la meli ile kutoka vinywani mwa wazazi wetu kabla hatujajua kusoma. Miaka ishirini na miwili ikapita baina ya msiba na msiba, na somo likawa bado halijasomwa.

Sasa tutazame ramani. MV Nyerere haikuzama Rugezi. Ilizama baina ya kisiwa na kisiwa, ndani ya wilaya ile ile, mahali ambapo hakuna mhandisi atakayesimamisha nguzo katika maisha yetu. Daraja la Rugezi, hata lingekuwa limekamilika mwaka 2018, lisingemwokoa hata mtu mmoja kati ya wale. Wilaya ina visiwa 38. Daraja litakiunganisha kimoja na bara. Vingine vitabaki vikiishi kwa chombo kinachoelea.

Hofu yetu basi ni hii: kwamba siku daraja la Rugezi litakapofunguliwa, kwa ngoma na hotuba, sisi tulio katika ofisi tutafunga jalada na kuandika juu yake kwamba tatizo la usafiri Ukerewe limekwisha. Fedha zilizokuwa za vivuko zitahama. Mafundi hodari watahama. Macho ya wakubwa, ambayo hupenda kutua juu ya kitu kirefu kinachoonekana kutoka mbali, yatahama. Na mwananchi wa Ukara, wa Irugwa au wa Ghana atakuwa mbali zaidi na serikali yake kuliko alivyokuwa kabla ya daraja.

Baina ya daraja na kivuko ipo tofauti ambayo haisemwi. Daraja halimhesabu mtu. Wakija mia, litawapitisha mia. Wakija mia tano, litawapitisha mia tano. Mhandisi alikwisha fanya hesabu yote kabla, akaimwaga ndani ya zege. Kivuko sivyo. Kivuko lazima kihesabu kila siku, kila safari, na kwa mtu wa mia na mbili lazima awepo binadamu wa kusema: ndugu, subiri safari ijayo. Binadamu huyo ni karani mwenye mshahara mdogo, amesimama juani, mbele ya umati wenye haraka, na pengine katika umati huo wamo jirani zake na wakubwa wake. Usalama wa kivuko umejengwa kwa uaminifu wa mtu huyo, na uaminifu wake unahitaji kutunzwa kama injini inavyotunzwa.

Ndiyo maana wilaya yenye visiwa haiwezi kusema kwamba imechagua daraja badala ya vivuko. Yahitaji daraja mahali panapojengeka, na uaminifu ulio imara kama daraja mahali pasipojengeka.

LIPI LIFANYIKE

Kwanza, daraja la Rugezi na Kisorya liamuliwe kuwa la nguzo, na wazo la tuta likataliwe waziwazi, ili lisije likarudi kwa mlango wa nyuma kwa jina la kubana matumizi. Wavuvi wa pande zote mbili waulizwe mahali mitumbwi inapopita kabla nguzo ya kwanza haijachorwa.

Pili, siku ile ile fedha za daraja zitakapotengwa, litengwe pamoja nazo fungu la kudumu la vivuko vya visiwani, lisiloweza kuguswa kwa ajili ya jambo jingine. Pantoni zitakazopumzishwa Rugezi zikaguliwe; zilizo nzima zipelekwe kwenye visiwa, na zilizochoka zisipelekwe popote. Kisiwa kidogo si jalala la vyombo vibovu.

Tatu, safari ziongezwe siku za gulio. MV Nyerere ilijaa kwa sababu watu wote walitaka kurudi nyumbani siku moja, kwa chombo kimoja. Kumwambia mtu asubiri safari ijayo kuna maana tu kama safari ijayo ipo, na ipo kabla ya giza. Baada ya msiba ule kivuko kipya, MV Ukara II, kilijengwa Mwanza kwa ajili ya njia hiyo hiyo, na hilo ni jambo jema. Lakini chombo kikubwa bila ratiba ya kutosha na bila hesabu kamili ni nafasi kubwa zaidi ya kurudia kosa lile lile.

Nne, kila abiria aandikwe jina kabla chombo hakijang'oa nanga, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu. Orodha hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Daftari la mahudhurio limo katika kila darasa la shule ya msingi nchini. Mwalimu huita majina ya watoto arobaini na zaidi kila asubuhi, na hakosi kumjua asiyekuwapo. Linalowezekana darasani haliwezi kushindikana gatini.

Na hapa tuseme na sisi wenyewe, watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu. Sisi ni abiria wa vyombo hivi. Aghalabu sisi ndio tunaopishwa mbele, kwa sababu tuna barua, tuna mkutano, tuna haraka ya serikali. Karani anapomwambia afisa elimu kwamba chombo kimejaa, na afisa elimu akapanda, mia moja walio nyuma yake wamekwisha fundishwa kwamba kusema "kimejaa" ni maneno tu. Lakini afisa yule akishuka na kuketi juu ya begi lake kungoja safari inayofuata, ametoa mhadhara juu ya usalama wa majini ambao hakuna semina itakayoushinda.

Marehemu Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na wananchi wakaipata kwa Kiswahili mwaka 1980. Watu wa kisiwa hiki, kwa hiyo, hawahitaji kufundishwa kungoja; wanajua. Wanachostahili kuambiwa ni wanangoja nini, na hadi lini. Daraja la Rugezi lijengwe, na lijengwe vizuri. Lakini siku ya kulifungua, kabla utepe haujakatwa, mtu mmoja miongoni mwa wakubwa aulize kwa sauti: leo kivuko cha Ukara kimebeba watu wangapi? Pakiwapo mtu wa kumjibu kwa tarakimu kamili, basi tutakuwa tumevuka kweli.